Daftari la Wiki: Rubani Amshusha Rubani

Jumatatu. Shemeji yangu anayeishi Durban amenifanyia hisani nisiyoiomba. Nimefika miaka 60, naye kanilipia dakika 15 za helikopta, Jumamosi asubuhi, kutoka kiwanja kidogo cha Virginia kilichobanwa kati ya barabara ya M4 na bahari. Bahasha ilifunguliwa mezani, watoto wakapiga makofi, nami nikatabasamu kama mtu aliyeletewa samansi.

Ndege za kawaida hazinitishi. Nimepanda kile kidege cha Mafia ambacho ukikaa mbele goti lako linagusana na la rubani, na nikasinzia. Ndege ina mabawa. Injini ikichoka unajipa moyo kwamba itaelea kama mwewe mpaka ipate pa kutua. Helikopta naiona ni pangaboi lililong'oka likaondoka na dari.

Hofu yenyewe nadhani nimeiokota magazetini. Julai 2005, John Garang, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan kwa wiki tatu tu, anatoka kuonana na Museveni, helikopta inaanguka milimani. Juni 2012, Jumapili asubuhi, waziri wa Kenya George Saitoti na naibu wake Orwa Ojode, msitu wa Ngong. Oktoba 2015, siku kumi kabla ya uchaguzi wetu Tanzania, mbunge Deo Filikunjombe, pori la Selous. Aprili 2024, mkuu wa majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, Elgeyo Marakwet. Kwetu chopa ilikuja na wakubwa, na mara nyingi mno ikaondoka nao. Najua mabasi yameua wengi zaidi, wala hakuna wa kushindana nayo. Ila wafu wa basi gazeti huwataja kwa idadi. Wa chopa wana majina, na jina halitoki kichwani upesi.

Haki itendeke: kuna upande mwingine wa chopa, ule wa vumbi. Kampeni za 2005, mgombea urais Freeman Mbowe alipokuwa akizunguka nayo, wengi walikwenda mkutanoni kuitazama ikitua. Sera walizisikia kwa sababu chopa ilikuwa bado haijaondoka.

*

Jumatano. Nimeshinda karibu na mdomo wa bandari nikihesabu meli. Durban hazikosekani: zimejipanga mbali baharini zikingoja zamu, na usiku taa zake zinafanya upeo uonekane kama mtaa mwingine wa mji. Saa nne hivi ikapita helikopta, chini chini, ikaelekea kwenye meli moja ya makontena, ikasimama juu yake. Ikasimama kabisa, kama nyuki juu ya ua. Mtu akateremka kwa kamba, akapotea kati ya makontena, helikopta ikageuka kurudi. Yote yalichukua muda wa kumenya chungwa.

Yule aliyeteremka ni rubani. Aliyemteremsha naye ni rubani. Lugha yetu inalifurahia jambo hili. Kabla ya ndege kubuniwa, rubani alikuwa mtu wa bahari: anayeujua mlango wa bandari, miamba yake na mikondo yake, akapanda chombo cha mgeni kukiingiza ndani. Ndege zilipokuja tukamhamishia angani, kama nahodha tulivyompeleka uwanja wa mpira. Hapa Durban, yule wa zamani na yule wa sasa wanakutana kila siku kwenye ncha mbili za kamba moja.

Nikataka kujua kwa nini wasitumie boti kama bandari nyingine. Mzee mmoja mvuvi, mwenye fimbo ndefu na samaki wawili wadogo, alinicheka. Nje ya gati hili bahari ina mawimbi marefu, boti inapanda na kushuka ubavuni mwa meli, na rubani anatakiwa auruke mwanya huo ashike ngazi ya kamba. Akikosea, yuko kati ya chuma na chuma. Kumbe kinachoninyima mimi usingizi ndicho wenzangu walichopewa wapumzike na ngazi.

*

Alhamisi. Mvua. Shemeji, kwa nia ya kunituliza, kanisimulia habari ya Oceanos. Agosti 1991 meli hiyo ya Kigiriki ya kitalii ilitoka East London ikija hapa Durban, ikaanza kujaa maji usiku kwenye pwani mbaya ya Wild Coast. Nahodha alipanda helikopta mapema, abiria wangali melini, na dunia haijamwachia mpaka leo. Waliobaki kuwapanga watu kwenye foleni ya kuvutwa juu walikuwa wanamuziki na watumbuizaji, mmoja wao mpiga gitaa Moss Hills. Helikopta za jeshi zilivuta watu 225, mmoja mmoja na wawili wawili, juu ya sitaha iliyolala upande. Wengine walishuka kwa mashua. Walikuwa 571, na hakuna aliyekufa.

Habari nzuri sana. Nimelala vibaya zaidi.

*

Jumamosi. Mtu hapandi helikopta mpaka apimwe kama gunia la mpunga. Niliandika kilo 82. Mizani ikasema 91, mbele ya shemeji. Kijana wa mapokezi hakucheka. Alipiga hesabu kwenye karatasi, akanitoa kiti cha mbele nilichokuwa nimekitamani kwa siri, akanisogeza nyuma kushoto. Chombo chenyewe ni Robinson R44: viti vinne, mapanga mawili. Nilitaraji mapanga zaidi.

Rubani ni binti wa umri wa kitinda mimba wangu. Maagizo yake mafupi: njoo kwa mbele nikuone, inama, kofia ibaki mkononi, na mkia usiusogelee, kwa sababu kile kipanga cha nyuma kikizunguka hakionekani. Nikamuuliza swali langu la wiki nzima: injini ikizima? Akafurahi kana kwamba nimemuuliza hali ya mama yake. Injini ikizima, alisema, unashusha wenzo wa mkono wa kushoto mara moja ili mapanga yalale, chombo kinashuka, na upepo unaotoka chini unaendelea kuyazungusha. Karibu na ardhi unauinua tena, mzunguko uliobaki unakushikilia, unatua. Hilo hufundishwa kila mwanafunzi, naye amelirudia mara nyingi.

Nikakumbuka kile kidude tulichokuwa tukikisuka kwa ukuti wa mnazi, tukakichomeka kwenye kijiti na kukimbia nacho ufukweni. Hakikuwa na injini. Kilichokizungusha ni mbio zetu. Hakuna aliyewahi kunieleza helikopta vizuri kuliko hivyo, na mwalimu alikuwa utoto wangu mwenyewe.

Helikopta haikukimbia kwanza kama ndege. Ilijinyanyua tu, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Tumbo lilibaki chini kwa sekunde chache, kisha likanifuata. Tao la uwanja wa Moses Mabhida likapita, hoteli za ufukweni, halafu mdomo wa bandari na kilima cha Bluff, chenye miti. Hapo nikasahau kuogopa. Mwaka 1873 Waingereza waliwashusha Durban watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa wakapitishwa Unguja. Wengi walikuwa Wamakua, wakakaa Bluff, wakaitwa Wazanzibari mpaka leo, ingawa serikali ya ubaguzi iliwang'oa pale miaka ya 1960 na kuwapeleka Chatsworth. Nilitaka kumwambia rubani. Nilikuwa sijui kitufe cha kusemea ni kipi, nikamwambia dirisha.

*

Jioni, maegesho ya ufukweni. Mlinzi wa magari ni Mkongo wa Rutshuru, yuko Durban mwaka wa 14, na kila tukija hupenda tuzungumze Kiswahili. Nikajisifu kidogo.

"Papa, uliingia mule kwa kupenda?"

Nikasema ndiyo.

"Na mulilipa?"

Nikasema shemeji ndiye aliyelipa. Akatikisa kichwa. Kwao, alisema, ile kitu ikilia mama anaita watoto, batu banaingia ndani, hakuna wa kungoja ajue ni ya nani. Machi 2022 helikopta ya Umoja wa Mataifa ilipoanguka Rutshuru na wanane wakafa, habari ilimfikia kwa simu akiwa hapa hapa, akiongoza gari kurudi nyuma.

Ikapita moja wakati huo, ikielekea melini. Nikamwambia inampeleka rubani. "Najua," alisema, "hii ya saa kumi na mbili." Lakini mkono aliokuwa akimwongozea dereva ulisimama hewani, na macho yakaifuata mpaka ikawa nukta. Dereva akapiga honi mara mbili.