Anayenunua mbolea kwa kupimiwa si mjinga

Leo nataka kusema jambo ambalo sisi maafisa ugani tumezoea kulisema vibaya.

Mvua zikishaanza, kaa nusu saa tu kwenye duka la pembejeo. Huyu anakuja na bodaboda, anabeba DAP mifuko miwili na mbegu za ekari nzima, hata bei haulizi. Yule anauliza hapa, anavuka barabara kuuliza kule, anarudi jioni. Halafu yupo mama anafungua fundo la kanga: "Nipimie kilo tatu."

Huyu wa tatu nimemfokea miaka mingi. Siku moja mama mmoja akanigeukia: "Bwana shamba, mwanangu, sukari nanunua robo, mafuta ya kula napimiwa, mbona huko hunisemi?" Nikakosa la kujibu. Ananunua kadiri hela inavyomjia, basi. Na yule wa mifuko miwili, tusimsifu sana: udongo wake hajawahi kuupima, anaweka DAP kwa kuwa baba yake aliweka DAP.

Tatizo liko kwenye kile anachopewa. Kilo ya kupimiwa mara nyingi ni ghali kuliko kilo ya ndani ya mfuko, kwa hiyo mwenye kidogo ndiye analipa zaidi. Urea ikikaa wazi inavuta unyevu na kuganda mabonge. Mbegu ya kupimiwa haina lebo ya TOSCI, hujui ni aina gani wala ya lini. Rangi isikudanganye, hata mahindi ya gunia yanapakwa.

Wenzangu mnaosema "wabadilike", wabadilike na hela ya nani? Mimi naona majirani wanne wenye robo ekari kila mmoja wachange mfuko mmoja wa kilo 50. Waufungue nyumbani, wagawane kwa mizani, kila mtu kilo 12 na nusu. Ndiyo hesabu ileile tunayoshauri ya mfuko mmoja kwa ekari. Mbegu ipo pakiti ya kilo 2, inakaribia kutosha robo ekari. Inunueni mkitoka kuuza mavuno, hela ikiwa bado mkononi, msingoje Novemba. Na ninyi wenye maduka, wekeni daftari watu wadundulize kidogo kidogo, mbona mabati yanalipiwa hivyo?

Ila kwenye dawa ya wadudu sina huruma. Ukipimiwa kwenye chupa ya soda huna maelezo ya kipimo, hujui usubiri siku ngapi ndipo uvune, na mtoto akiiona chupa anajua ni soda. Vichupa vidogo vya mililita 100 vyenye lakiri vipo madukani. Kama hela haitoshi hata hicho, changieni na jirani, mpulizie siku moja.