Dawa ya Mtoto si Dawa ya Sungura

"Dawa ni dawa, mama. Hii wanapewa hata watoto wachanga."

Maneno hayo aliambiwa mwalimu mmoja mstaafu kwenye kaunta ya duka la dawa mjini Moshi, alipofika na sungura wake ndani ya kikapu. Sungura alikuwa na miaka minane, umri ambao kwa sungura wa kufugwa nyumbani ni uzee kamili. Pua ilikuwa ikitoka kamasi nzito, na manyoya ya miguu ya mbele yalikuwa yamegandana kwa kujipangusa. Muuzaji hakumpima uzito wala hakuuliza kama bado anakula. Alishusha chupa ya amoksilini ya watoto, akaagiza nusu kijiko asubuhi na jioni, akapokea pesa. Sungura aliharisha, akagoma kula, akafa kabla chupa haijafika nusu. Majirani wakasema uzee umemchukua.

Uzee unasingiziwa. Mkosaji ni ile imani kwamba dawa iliyo salama kwa mtoto wa binadamu ni salama kwa mnyama yeyote mdogo, mradi kipimo kipunguzwe. Imani hiyo ni ya uongo, na anayeisambaza kwenye kaunta anaua wanyama wa watu huku akijiona msamaria mwema.

Tumbo la sungura linatosha kuivunja hoja yote. Mwishoni mwa utumbo mwembamba ana mfuko mkubwa unaoitwa sekamu, ambao hubeba takriban asilimia 40 ya vyote vilivyomo katika njia yake ya chakula. Ndani yake wanaishi bakteria wasiohesabika wanaochachusha nyuzinyuzi za majani. Uchachushaji huo humpa sungura nguvu na vitamini, na sehemu yake hutoka kama kinyesi laini ambacho hukichukua moja kwa moja kutoka mkunduni na kukila tena. Watu huona uchafu, lakini hicho ni chakula chake halali. Bakteria hao wakifa, sungura hana namna nyingine ya kuishi.

Sasa mpe amoksilini kwa mdomo. Dawa inashuka hadi kwenye sekamu na kuwaua bakteria wema. Wanaobaki ni wale sugu, wakiwemo wa jamii ya Clostridium, hasa Clostridium spiroforme, ambao huzaana bila mpinzani na kumwaga sumu. Sungura huacha kula, tumbo hujaa gesi, huharisha, na mara nyingi hufa ndani ya siku chache. Hawezi hata kutapika, kwa maana maumbile ya sungura hayaruhusu kutapika. Kilichomezwa kimemezwa.

Amoksilini haiko peke yake. Ampisilini, penisilini ya kumeza, klindamaisini, linkomaisini, erithromaisini na dawa za kumeza za kundi la sefalosporini zote zimo katika orodha ambayo madaktari wa mifugo hufundishwa kuiogopa. Kupunguza kipimo hakumwokoi mnyama, kwa sababu kipimo kidogo nacho kinafika palepale kwenye sekamu.

Wabishi wana jibu lao. Mwaka 1929 Alexander Fleming, katika ripoti yake ya kwanza kuhusu penisilini, alieleza kwamba alimdunga sungura mililita 20 za mchuzi wa maabara wenye dawa hiyo kwenye mshipa, na haukuwa na sumu zaidi kuliko mchuzi wa kawaida. Basi, wanasema, sungura na penisilini ni marafiki tangu siku ya kwanza. Watu hawa wamesoma nusu sentensi wakafunga kitabu. Fleming alidunga mshipa, hakumnywesha sungura kwa kijiko. Hadi leo madaktari hutumia penisilini ya sindano chini ya ngozi kutibu kaswende ya sungura, kwa uangalifu mkubwa, na daktari huyohuyo atakuzuia kumpa kwa mdomo. Simbilisi ndio waliopata bahati mbaya zaidi: kufikia mwaka 1943 watafiti wa Marekani walikwisha kuandika kwamba penisilini, hata ya sindano, iliwaua. Zaidi ya miaka 80 imepita tangu hapo. Muuzaji wa dawa wa leo hana kisingizio cha kutojua.

Halafu yuko yule wa "wangu nilimpa, akapona." Mtu aliyevuka Barabara ya Morogoro amefumba macho akafika ng'ambo salama hajathibitisha kwamba magari hayagongi. Hoja ya aina hii haistahili aya nzima.

Sungura mzee yuko hatarini zaidi. Figo zake zimechoka, hivyo dawa hukaa mwilini muda mrefu kuliko inavyokaa kwa kijana. Mara nyingi amekonda chini ya manyoya bila mwenyewe kugundua, na kipimo cha mwaka jana leo ni kikubwa mno. Meno yake, ambayo hayaachi kukua maisha yake yote, huenda yamepinda na mizizi yake imesababisha jipu tayani. Usaha wa sungura ni mzito kama dawa ya meno, na vidonge peke yake havipenyi humo, anahitaji kupasuliwa. Ndiyo maana mafua au uvimbe wa sungura mzee hautibiwi kwa kukisia kutoka nyuma ya kaunta.

Dawa zinazomfaa zipo, na daktari anazijua: enrofloksasini, kwa mfano, au mchanganyiko wa trimethoprimu na salfa, ndugu wa ile septrini ya majumbani. Hata hizo zinataka mizani. Enrofloksasini ya asilimia 10 inayouzwa kwa ajili ya kuku ina miligramu 100 katika kila mililita. Sungura wa kilo mbili na nusu, akiandikiwa miligramu 10 kwa kila kilo, anahitaji robo ya mililita tu. Kijiko cha chai cha mililita 5 kingempa mara 20 ya kipimo hicho. Kuimwaga kwenye maji ya kunywa nako ni kubahatisha, maana mgonjwa hunywa kidogo, dawa ni chungu, na hakuna ajuaye ameingiza kiasi gani. Bomba dogo la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, polepole, ndilo linalofanya kazi.

Na mtindi! Kila anayetoa ushauri mbaya wa dawa hufuatisha na mtindi "wa kurudisha bakteria." Sungura mzima ni mla majani, tumbo lake halikuumbwa kwa maziwa. Anachohitaji wakati wa dozi ni nyasi kavu tele, maji safi, na mtu wa kutazama kinyesi chake kila asubuhi. Kikipungua, kikilegea, au sungura akipitisha nusu siku bila kula, dawa isimamishwe na daktari apigiwe siku hiyohiyo. Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wa Nairobi wana ile ya Kabete. Jibu la kwamba "ni sungura tu, nunua mwingine" litolewe kwa mtu aliyeishi na mnyama huyo miaka minane, ana kwa ana, tuone kama msemaji atalimaliza.

Kinachokera kuliko yote ni kwamba onyo limekwisha kuandikwa. Vikaratasi vya amoksilini ya mifugo inayouzwa Ulaya husema wazi kwamba isipewe sungura, simbilisi wala hamsta. Huku kwetu chupa ya watoto haimtaji sungura kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili yake, na vidonge hukatwa vinne vinne na kufungwa kwenye bahasha ya kaki bila karatasi yoyote. Mamlaka zinazosimamia dawa, Tanzania na Kenya, zinaweza kuagiza onyo hilo libandikwe kwa Kiswahili kwenye kila kaunta inayouza dawa za wanyama, na muuzaji alazimike kuuliza ni mnyama gani anayeumwa kabla hajagusa rafu.