Usiwanyime watoto samaki: wapikie mpaka aive ndani



Siku moja mama mmoja alileta dispanseri mtoto wa miaka mitatu. Miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na laini, hacheki wala hachezi. Tukamwuliza mama: mtoto anakula nini? Akajibu: bukari na majani, asubuhi na jioni. Na samaki? «Hapana, munganga. Baba yake alikataza. Tuliona minyoo ndani ya samaki, tukamwaga karai nzima. Tangu siku ile samaki haingii nyumbani.»

Baba huyo alikataza kwa kuwapenda watoto wake. Lakini alikimbia hatari ndogo akaangukia kubwa. Mtoto asiyepata samaki, wala nyama, wala mayai, wala maharagwe, mwili wake unapunguka kila siku. Ndiyo maana leo ninasema wazi: samaki si adui wa familia. Adui ni samaki asiyeiva. Hayo ni mambo mawili, tusiyachanganye.

Kwanza tujue ile minyoo mama aliyoiona. Ukipasua tilapia au kambale wa maziwa yetu, mara nyingine unakuta tumboni, au karibu na moyo, mnyoo mwembamba uliojikunja. Mara nyingine unaona kitone cha njano katika nyama. Minyoo ya namna hii kwa kawaida inakomaa ndani ya ndege wanaokula samaki, si ndani ya mtu. Itoe pamoja na matumbo, osha samaki, pika vizuri, kula. Ukiona samaki mmoja amejaa minyoo katika nyama yake, mtupe huyo mmoja. Usimwage karai nzima.

Tena minyoo mingi ya watoto wa kambi, ile mirefu inayotoka na choo, na ile midogo inayonyonya damu tumboni, haitoki kwa samaki. Inatoka katika udongo uliochafuliwa na mavi ya watu. Dawa ya kuizuia ni choo, sabuni na viatu.

Utaniuliza: basi ugonjwa wa kutoka kwa samaki haupo? Upo, na ni mzito. Kaskazini-mashariki ya Thailand watu wengi wanapenda samaki wa mtoni akiwa mbichi, aliyekatwakatwa na kutiwa ndimu na pilipili. Ndani ya nyama hiyo mna vijidudu ambavyo jicho halivioni. Vikimezwa vinaingia katika mifereji ya nyongo ndani ya ini, vinakaa miaka mingi, na mwisho vinaweza kuleta kanseri. Mwaka 1994 wataalamu wa kanseri wa dunia waliuweka mnyoo huo katika orodha ya vitu vinavyoleta kanseri kwa mtu. Mwaka 2009 wakaongeza ndugu yake wa China. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba minyoo ya jamii hii, ile ya samaki, ya kaa na ya majani ya majini, inawapata watu zaidi ya 200.000 kila mwaka, na zaidi ya 7.000 wanakufa.

Angalieni sasa Waholanzi walifanya nini. Huko walikula samaki wa bahari karibu mbichi, mwenye chumvi kidogo tu, na watu wakaugua maumivu makali ya tumbo kwa sababu ya mnyoo wake. Mwaka 1968 serikali iliweka sheria: samaki huyo agandishwe kwanza kwa baridi kali, ndipo auzwe. Ugonjwa ukapungua sana. Hawakuwakataza watu samaki. Walibadili namna ya kumtengeneza. Hiyo ndiyo akili ninayoitaka kwetu.

Kwetu hatuna desturi ya kula samaki mbichi, na hiyo ni bahati. Lakini tuna haraka. Baba anatoka kazini, njaa inamwuma, samaki anawekwa juu ya mbabula yenye moto mkali. Ngozi inaungua, inanukia vizuri, na karibu na mfupa nyama bado ni mbichi. Huyo amekula samaki mbichi bila kujua. Kwa hiyo tufuate haya:

1. Samaki ameiva pale nyama ya ndani inapokuwa nyeupe, inaachana na mfupa, na hakuna damu kwenye uti wa mgongo. Samaki mkubwa umkate vipande, au umchanje mbavuni, ili moto ufike ndani.

2. Kwenye mbabula, ngoja moto upungue, mgeuze samaki mara nyingi, mpe muda.

3. Chumvi, jua na moshi vinamzuia samaki asioze. Visitegemewe kuua minyoo. Makayabo, samaki wa moshi na ndagala wapikwe kwanza. Mtoto asitafune ndagala kutoka katika mfuko.

4. Pilipili, ndimu na lutuku haviui minyoo ya samaki. Mwenye kusema «nitaiua na kilauri kimoja» anajidanganya.

5. Baridi inaua minyoo ya samaki, lakini ni baridi ya digri 20 chini ya sifuri, kwa siku saba. Frigo ya nyumbani, tena umeme ukikatika, haifiki huko. Samaki wa barafu naye apikwe.

6. Kisu na ubao uliokatia samaki mbichi vioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kukata nyanya.

7. Ninyi mnaokwenda kuvua Lufira siku ya Mungu, msijisaidie mtoni. Mayai ya minyoo ya ini yanatoka na mavi ya mtu, yanaingia majini, yanapita kwa konokono, kisha kwa samaki, na yanarudi katika sahani. Kichocho nacho kinaanza vilevile kwa mtu anayechafua maji, ila chenyewe kinaingia kwa ngozi, si kwa chakula.

Neno moja kwa ninyi wa mgodini. Wapo wanaopenda kaa wa mtoni. Kaa asiyeiva anaweza kuleta mnyoo wa mapafu. Katika Nigeria, wakati wa vita ya 1967 mpaka 1970, njaa iliwasukuma watu kula kaa, na waganga wakaona wagonjwa wa mnyoo huu wakiongezeka. Mgonjwa anakohoa na kutema damu, kama mtu wa kifua kikuu. Ukitema damu, usijipime mwenyewe, na usimfiche kapita wako. Njoo upimwe kifua kikuu kwanza, na utuambie kama unakula kaa. Neno hilo dogo linaweza kumsaidia munganga kupata dawa ya kweli, maana dawa ya minyoo ya watoto siyo dawa ya kila mnyoo.

Nimalize kwa kukiri kosa letu sisi wa dispanseri. Mara nyingi tunapita katika kambi tukisema «jihadharini na minyoo ya samaki», kisha tunakwenda. Hatusemi minyoo gani, wala nini cha kufanya. Mtu aliyeogopeshwa bila kufundishwa anafanya kama baba yule: anatupa chakula. Na mara nyingi lawama inamwangukia mama jikoni, hali baba ndiye aliyesema «leta haraka hivyo hivyo».

Baba, ngoja dakika kumi zaidi. Mama, pasua samaki na utazame mfupa. Kisha mpe mtoto kipande chake, usimwachie mchuzi peke yake. Yule mtoto wa miaka mitatu alirudishiwa samaki na maharagwe, akatibiwa, na leo anakimbia mbele ya nyumba yao. Baba yake ndiye anayempasulia samaki.

Msaidizi wa munganga, dispanseri ya kambi