Bustani ina misimu, mwili hauna likizo

Pita hapa Matasia mwezi wa Mei, mvua ya masika ikiwa imeshika, nawe utadhani kila mtu ni mkulima. Kando ya barabara ya Ngong kwenda Kiserian, katika ploti zetu za futi 50 kwa 100, sukuma wiki imefika kiunoni, managu yamejiotea penye jaa, na majirani wanapeana terere juu ya ua bila kuulizana bei. Rudi mwezi wa Februari. Nyumba ni zile zile na ua ni ule ule, lakini utakuta mashina makavu, kuku wakichakura, na tangi la maji likilia tupu ukiligonga.

Mimi si bwana shamba. Ni daktari wa kawaida, wa kutibu kikohozi, presha na matumbo ya watoto, na jioni hushika jembe nyuma ya nyumba yangu kama wewe. Hata hivyo, nimetambua kwamba kupanda na kushuka kwa bustani hakuishii langoni. Huingia hadi chumba cha daktari. Ndiyo maana leo nataka kutoa maoni yangu waziwazi: bustani ya nyumbani ni rafiki mkubwa wa afya, ila kwa masharti mawili. Kwanza, ipangwe kwa mwaka mzima badala ya miezi mitatu ya mvua. Pili, isigeuzwe kuwa ghala la sumu.

Kwanza tuelewe faida yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku, na viazi havihesabiwi humo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba watu wazima 94 kati ya kila 100 hawafikishi kiwango hicho. Hao ndio wanaokuja kwetu baadaye na presha, kisukari na choo kigumu. Kwa hiyo mtu akiwa na mboga hatua kumi kutoka jikoni, ana nafasi nzuri kuliko yule anayesubiri mshahara. Tena kulima kwenyewe ni mazoezi, na mazoezi hushusha presha na sukari.

Lakini nisikike vizuri: mboga si mbadala wa dawa. Nimewapokea watu walioacha vidonge vya presha kwa sababu jirani aliwaambia managu yanatosha. La hasha! Managu ni chakula kizuri. Hayatamrudishia kauli mtu aliyekwisha kupooza upande mmoja.

Sasa tuufuate mwaka wetu. Masika, yaani Machi hadi Mei, ni wakati wa neema, na neema nayo ina hatari zake. Udongo wetu mweusi hunata na kutuamisha maji. Watoto hucheza humo pekupeku, na wengi wetu humwaga samadi mbichi moja kwa moja kwenye matuta. Samadi mbichi hubeba vijidudu vya kuharisha, na udongo uliochafuliwa na kinyesi cha binadamu hubeba minyoo. Iache samadi ioze kwa miezi kadhaa kabla ya kuitumia, vaa viatu, na uoshe dania na kitunguu cha majani kwa maji safi kabla ya kuvila vibichi. Jambo jingine ni pepopunda. Kina mama hupata chanjo hiyo wakiwa wajawazito, lakini wanaume wengi walichanjwa mara ya mwisho wakiwa watoto wachanga. Ukijikata na jembe au ukakanyaga msumari wenye udongo, oshwa kidonda na uulize habari ya sindano siku hiyo hiyo.

Baada ya masika huja baridi. Juni, Julai na Agosti ukungu huteremka kutoka Milima ya Ngong na jua halionekani hadi saa tano. Hapo ndipo nyanya na viazi hupatwa na ugonjwa wa bakajani. Majani huwa meusi kama yaliyoungua na moto, na kwa siku chache shamba limekwisha. Hapo pia ndipo watu hukimbilia dukani kununua dawa ya kunyunyizia, na ndipo nami nilipofanya kosa ambalo siwezi kuwaficha wasomaji wangu.

Mwaka mmoja nilipanda nyanya zangu mwezi wa Juni, jambo ambalo mkulima yeyote wa hapa angenikataza. Bakajani ilipoingia, nilinyunyizia. Kibandiko kwenye chupa kilisema ningoje siku saba kabla ya kuvuna. Siku ya tatu mke wangu alinikuta nikichuma zile zilizoiva, kwa kuwa niliona uchungu zioze. Akaniuliza kwa upole, "Daktari, wagonjwa wako huwaambia wafanye hivi?" Nilizitupa. Ikiwa mtu aliyesoma udaktari alishindwa kungoja siku nne, atangoja nani mwenye watoto wanaodai chakula?

Hilo lilikuwa kosa la aibu tu. Kuna jingine lililokaribia kuwa msiba. Usiku mmoja mama alimleta mtoto wa miaka mitatu akitokwa na mate na machozi, akitapika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, na kifua kikikoroma. Dalili hizo kwa pamoja humwelekeza daktari kwenye aina fulani ya sumu za wadudu, na dawa yake ni atropini. Mtoto alikuwa amekunywa kutoka chupa ya soda iliyokuwa chini ya sinki. Baba alikuwa amebakiza humo dawa ya vidukari vya sukuma wiki. Tulimwanzishia matibabu, tukampeleka hospitali kubwa, na Mungu akajalia akapona. Lakini siku ile wote wawili, baba na mama, waliniambia neno moja: walianza bustani ili mtoto wao ale chakula kisicho na sumu.

Kwa hiyo nakuomba, usihamishe dawa ya shamba kutoka chupa yake hata siku moja. Ifungie mahali pa juu, mbali na jikoni. Mtu akiinywa, usimpe maziwa na usimlazimishe kutapika. Ikimmwagikia, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni, nawe ukijikinga mikono. Kisha mkimbize hospitalini pamoja na ile chupa, maana kibandiko chake kitamwambia daktari anapambana na nini. Bora zaidi, usiinunue. Kwa bustani ya familia moja, vidukari huondolewa kwa vidole na kwa maji ya sabuni kidogo, na bakajani hukwepwa kwa kutopanda nyanya wakati wa baridi. Wakati huo panda sukuma, spinachi, karoti na vitunguu.

Kisha huja ukame. Wakazi wa Kajiado hawahitaji kufundishwa ukame ni nini. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na mizoga ya ng'ombe ikalala kando ya barabara zetu. Bustani nyingi zilizoanzishwa kwa shauku mwaka 2020, wakati wa korona, Ngong na Kiserian zilipofungiwa pamoja na Nairobi na watu wakakaa nyumbani, zilikufa wakati huo na hazikufufuka. Kisha vuli ya 2023 na masika ya 2024 vikaleta mvua ya kufurika, na waliokuwa wamepanda tena wakaona matuta yakienda na maji.

Ukame una madhara ambayo wengi hawayafikirii. Yuko mzee mmoja anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande mishipani. Mvua iliponyesha, mkaza mwana wake alimpikia managu na kunde kila siku. Mboga hizi za kijani zina vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo hupunguza nguvu ya dawa. Kipimo chake kikashuka, akaongezewa vidonge. Kiangazi kikaja, mboga zikaisha, lakini vidonge vikabaki pale pale. Akaja fizi zikivuja damu. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba bustani imekauka, na sisi hatukuuliza. Kama unatumia dawa hiyo, usiogope mboga. Kula kiasi kinachokaribiana wiki zote za mwaka, na chakula chako kikibadilika sana, mwambie daktari. Vivyo hivyo, mwenye ugonjwa wa figo asichukulie mavuno kuwa ruhusa ya kula majani bila kipimo, kwa kuwa potasiamu iliyomo inaweza kumdhuru moyo. Aulize kwanza.

Je, tufanyeje mboga zisikatike? Jibu ni maji, na hapa nina ugomvi na jinsi tunavyoyatumia. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye paa la mita moja mraba, ni lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la mita mraba 60 likipata mvua ya milimita 20, yaani mvua nzuri ya jioni moja, linapokea lita 1,200. Maji hayo huwa tunayaacha yatiririke barabarani, ama tunayamwagilia sukuma, kisha tunakunywa maji ya visima virefu. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa na za Kajiado zina visima vyenye madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo hayo yanayowaachia watoto wetu meno ya rangi ya kahawia, na yakizidi kwa miaka mingi huumiza mifupa. Kuyachemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na floridi hubaki. Maoni yangu ni kwamba maji ya paa, yakikingwa vizuri na kuchemshwa, yaende kwanza kwenye kikombe cha mtoto. Maji ya kisima, na yale ya kuoshea vyombo yasiyo na mafuta mengi, yaende bustanini. Tangi lifunikwe, maana tangi wazi ni hospitali ya uzazi ya mbu.

Usilime ploti nzima wakati wa kiangazi. Magunia matatu au manne yaliyojazwa udongo na samadi iliyooza, yakitobolewa pembeni, yanatosha kuikimu familia kwa maji machache. Wakazi wa Kibera walionyesha hivyo baada ya ghasia za 2007 na 2008, na nafasi yao ilikuwa ndogo kuliko yako. Funika udongo kwa matandazo, na umwagilie jioni. Wakati wa neema, kausha kunde kivulini kama bibi zetu walivyofanya, na uweke akiba. Vuli ikifika Oktoba, utaanza ukiwa na miche badala ya kuanza na lawama.

Na jikoni usiibiwe ulichokivuna. Usichemshe majani hadi yakose rangi, kwani vitamini C huharibiwa na moto na kupotelea majini. Weka mafuta kidogo, maana mwili unayahitaji ili upate vitamini A. Kamulia limau, nayo itasaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Chai ingoje saa moja hivi baada ya chakula, kwa sababu chai huyazuia madini hayo.

Neno langu la mwisho ni kwa serikali ya kaunti yetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha na cha ubora unaokubalika. Katiba hiyo hiyo iliweka kilimo na sehemu kubwa ya afya mikononi mwa kaunti. Basi kwa nini bwana shamba na muuguzi wa kijiji wasitembee pamoja? Kwa nini mwenye duka la agroveti auze sumu kwa mtoto wa shule bila kumweleza siku za kungoja? Kupima floridi katika visima tunavyonywea, na kutangaza matokeo hadharani, kungezuia madhara ambayo sisi madaktari hatuwezi kuyatibu yakishaingia.

Lakini tusiingoje kaunti. Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tulihamia Matasia kama wageni, tukijenga na kutoka alfajiri kwenda Nairobi. Siku ya tatu imefika. Kesho asubuhi, kabla hujatoka, angalia mambo mawili: mfereji wa paa lako unapeleka wapi maji, na ile chupa iliyo chini ya sinki ina nini ndani yake.