Uyoga wa Shiitake: Tusiupike kwa Haraka

Baadhi ya maduka ya mijini huuza uyoga uitwao shiitake, ambao Wajapani na Wachina wameula kwa karne nyingi. Je, unafaa kwa familia zetu? Nionavyo mimi, unafaa, mradi mpishi asiwe na haraka.

Ukinunua mbichi, chagua wenye kofia nene na kavu, kingo zikiwa zimejikunja kwa ndani. Wenye utelezi au harufu mbaya uache. Vikonyo ni vigumu. Vikate, uvichemshe kupata supu. Uliokaushwa uloweke katika maji kwa saa kadhaa. Maji hayo usiyamwage. Yachuje, yataukoleza mchuzi.

Kosa kubwa ni kuukaanga dakika moja na kuupakua. Mwaka 1977 daktari Mjapani, Nakamura, alieleza ugonjwa wa ngozi unaowapata baadhi ya watu waliokula uyoga huu mbichi au usioiva vizuri. Mwili hutokwa na michirizi myekundu inayowasha, kana kwamba mtu amechapwa viboko. Kwa hiyo ukate vipande vyembamba, ukaange na kitunguu, utie maji kidogo, kisha funika mpaka uive kabisa.

Wengine wanausifu kuwa ni dawa ya kila ugonjwa, hata kansa. Tusidanganyike. Huu ni mboga. Mgonjwa asiache dawa za hospitali kwa sababu ya sahani ya uyoga. Tuule kwa furaha, lakini kwanza uive.