Silinda Nne au Sita? Jawabu kwa Mpwangu

Mpwangu alirudi kutoka Doha mwezi wa Shaabani uliopita baada ya miaka tisa ya kazi, na siku ya tatu tangu kushuka ndege alinijia baada ya sala ya Isha na picha mbili katika simu yake. Nilidhani ni picha za wachumba. "Mjomba," akaniambia, "nichagulie." Nilipovaa miwani nikaona si wanawake bali ni magari: Peugeot 504 mbili za milango miwili, zile ziitwazo kupe, moja nyeupe na moja ya kijivu. Nyeupe iko hapa hapa Mombasa, katika godauni moja Shimanzi, ni ya mwaka 1972 na ina silinda nne. Kijivu iko Nairobi, ni ya mwaka 1976, na ina silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V.

Neno hilo kupe limetoka Ufaransa; nasi Waswahili tunalo letu lenye sauti iyo hiyo, mdudu amgandaye ng'ombe akamfyonza damu. Nilimwambia hivyo mamake akacheka. Kijana hakucheka. Tangu usiku ule nyumba ya dadangu haina utulivu, kwa sababu mama ataka orofa yake ya juu iezekwe, mwana ataka silinda sita, na pesa alizorudi nazo zatosha gari la nne pamoja na paa, au gari la sita peke yake, tena na deni juu. Hilo ndilo shauri lililoletwa kwangu. Nilitoa hukumu yangu kwa mdomo, nikasema nne, na haikupokewa. Basi naitoa hapa kwa kalamu, maana najua vijana wetu wengi warudio kutoka Ghuba wana picha za namna hiyo katika simu zao.

Msomaji asinidhanie kuwa ni katika wale wazee wachukiao magari mazuri. Pijo, kama tulivyozoea kuiita, imetubeba sote. Ile ya abiria saba ndiyo iliyokuwa ikitutoa mji mmoja hadi mwingine kabla ya matatu za leo, na ile ya mizigo mgongoni ilibeba nazi, samaki, saruji na maharusi. Ya kwanza ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na hapa Kenya zikaendelea kuunganishwa miaka mingi baada ya wenyewe Wafaransa kuziacha mwaka 1983. Kupe ilifuata mwaka 1969. Bodi yake ilichorwa na kuundwa na Pininfarina, mjini Turin, Italia, ndipo ikapelekwa Ufaransa kutiwa injini. Tazama ubavu wake: mstari mmoja tu watoka taa ya mbele hadi taa ya nyuma, hauna kidani wala kishaufu. Ya 1972 ina taa nne mbele, na nyuma kila upande ina vipande vitatu vya taa vilivyolala mshazari kama mikato ya kalamu ya mwanzi. Hiyo ya 1976 ilikwisha badilishwa taa, na kwa jicho langu ilipunguzwa uzuri. Lakini kijana hatazami taa. Yeye atazama kilicho chini ya boneti.

Haya, tufungue boneti. Injini ya nne ina ujazo wa sentimita 1971. Ya sita ina 2664. Nguvu za farasi, ya nne ina kiasi cha 104, na ya sita 136, kisha toleo la baadaye, lile la 1977 lililotiwa pampu ya kupulizia petroli, lilifika 144. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba silinda zake zina upana mmoja, milimita 88 hii na milimita 88 ile. Tofauti ni katika hatua ya pistoni: ya nne huenda milimita 81, ya sita huenda 73. Yaani huyu wa nne ana hatua ndefu na hana haraka, na yule wa sita ana hatua fupi na miguu mingi. Ndiyo maana Pijo ya nne yapanda kilima na mzigo wake kwa gia kubwa huku ikinguruma kwa chini kama mtu asomaye uradi.

Na hapa niwie radhi, maana mimi ni mtunzi na siwezi kusikia kitu kikihesabika nisihesabu mizani. Injini ya nne hulipuka mara moja katika kila digrii 180 za krenki. Ni tarbia, mishororo minne sawasawa, hata mtoto wa chuo aweza kuifuata kwa kidole. Hii ya sita ingetazamiwa iwe laini zaidi, kwani wingi wa milipuko huleta ulaini. Lakini V ya silinda sita hupendeza ikitanuka digrii 60, na hii ina 90, ambayo ni pembe ya silinda nane. Ilitengenezwa kwa ushirika wa Peugeot, Renault na Volvo, na mwanzo shauri lilikuwa kutoa ya nane na ya sita pamoja. Ya nane ikaachwa, pembe ikabaki. Kwa hivyo milipuko yake haiko sawa: moja baada ya digrii 90, nyingine baada ya 150, tena 90, tena 150. Ni shairi la mishororo sita ambalo mizani yake mirefu na mifupi yapokezana. Halikuharibika, bali mghani wake lazima awe mwenye pumzi.

Nisije nikahukumu nisichokisikia, nilikwenda naye Nairobi kwa treni. Mwenye gari alituchukua njia ya Thika asubuhi ya Jumapili, magari yakiwa machache. Wallahi, sitasema uongo mbele ya wasomaji wangu. Ikienda polepole ilikuwa ikisitasita kidogo, kama mtu mwenye kikohozi anayetaka kuzungumza. Mara akakanyaga, kabureta ya pili ikafunguka (inazo mbili, ndogo yenye koo moja ya mwendo wa upole, na kubwa yenye makoo mawili ya mbio), na sauti ikabadilika ikawa nzito, yenye mtetemo wa ngoma ya vugo kwa mbali, na kiti kikanisukuma mgongoni. Nilijikuta nacheka peke yangu, mimi mwenye wajukuu. Mpwangu aliniona, na tangu siku ile kicheko changu ndicho shahidi wake mkubwa.

Shahidi wake wa pili ni Safari Rally. Asema, na asema kweli, kwamba Pasaka ya 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari kwa kupe hii ya silinda sita, na mwaka uo huo akashinda nayo tena Ivory Coast. Yeye hakuwa amezaliwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikisoma chuoni, na redio ya duka la jirani ikitaja majina ya Kifaransa huku sisi tukitaja yetu ya Kiarabu, hata mwalimu akanyamaza kidogo kusikiliza kisha akajifanya anatafuta bakora. Nakumbuka vizuri. Lakini nakumbuka pia kuwa mwaka 1975 Ove Andersson aliishinda Safari iyo hiyo kwa Pijo 504 ya silinda nne, gari la milango minne kama la baba mwenye nyumba. Na kabla yake 404, nayo ya nne, ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Na miaka hiyo miwili ya 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu katika wote walioondoka. Aliyeshinda 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Tanganyika. Basi Safari haikupendelea sita. Ilipendelea gari lililotengenezeka usiku kwenye tope.

Na neno langu lote liko hapo kwenye kutengenezeka. Nicolas alikuwa na kiwanda nyuma yake, na mafundi wakimngojea kila kituo na magurudumu na spea. Mpwangu ana nani? Ana fundi mmoja Changamwe, mzee wa miaka sabini na kitu, aliyelala chini ya Pijo za abiria tangu alipokuwa mtumwa wa spana, kama asemavyo mwenyewe kwa mzaha. Nilimwuliza kuhusu zote mbili. Kuhusu ya nne alizungumza mpaka chai ikapoa: kemshafti yake imo ndani ya bloku, cheni ni moja, bloku ni chuma cha kumimina, silinda zake ni vikombe vinavyotoka na kubadilishwa, na vikombe hivyo na pistoni zake bado anavyo kwenye makarai kutoka magari yaliyokwisha kufa. Kuhusu ya sita alisema maneno machache. Bloku yake nayo ni alumini, kemshafti ni mbili juu, cheni mbili, na oili isipobadilishwa kwa wakati tundu za kupitishia oili juu huziba na kemshafti zikalika. "Ukiwa Nairobi labda," akasema. "Hapa, nani atakufungulia?"

Kisha akataja jambo ambalo sikulisoma katika kitabu chochote cha magari, nalo ni maji. Sisi watu wa Pwani twachota visimani, na visima vyetu vingi vina chumvi. Dereva radieta ikipungua huomba ndoo nyumba iliyo karibu akajaza, akaenda zake. Chuma kizito hustahimili dhuluma hiyo miaka. Alumini hutafunwa kimyakimya. Hata ya nne kichwa chake ni alumini, na amekwisha vichomelea vingi; lakini kichwa hufunguliwa kikawekwa mezani. Bloku nzima ikitafunwa wafanyaje?

Hata hivyo sitaki kumuuzia mpwangu gari la nne kwa maneno matamu. Lina kisirani chake. Hiyo ya 1972 haina kabureta kama Pijo za abiria. Ina pampu ya Kugelfischer, chombo cha Kijerumani kipulizacho petroli kwa vipimo vidogo mno, chenye ncha na chemchemi ndani kama saa ya mfukoni. Ikipotea kipimo, gari hutoa moshi mweusi na kunywa petroli kama mfungaji penye mdalasini wa magharibi. Fundi wangu alikiri kwamba hiyo haigusi. Dawa yake ni kuing'oa na kutia kabureta ya Pijo ya kawaida, na farasi kumi hivi watapotea njiani. Wapenzi wa magari ya kale watanitukana wakisoma hivi. Watasema ni kumvua bibi harusi dhahabu zake. Mimi nasema bibi harusi atembeaye ni bora kuliko yule aliyekaa kwenye jeki, na pampu yenyewe iwekwe kabatini ikiwa imefungwa kwa kitambaa, pengine siku moja atatokea ajuaye.

Kuhusu kasi sina mengi. Njia ya Nairobi sasa ni msururu wa malori kutoka Mariakani kwenda mbele, na hao farasi thelathini na ushei waliozidi watakaa nyuma ya lori la makontena pamoja na farasi wengine. Ya deni nayo nimemwambia faraghani, sitayarudia gazetini.

Lililobaki latisha kuliko injini zote mbili, nalo ni kutu. Mlango wa Pijo ya abiria hauingii kwenye kupe. Bodi ile haina dada hapa. Uzuri wa mkakasi, wasemavyo, ndani kipande cha mti; na gari lililokaa Shimanzi miaka yote hii likipigwa na upepo wa bahari laweza kuwa na rangi nyeupe juu na fila tupu chini. Gari la Nairobi katika hili lina nafuu, na nimekiri hivyo mbele ya kijana, akaninukulia neno hilo kwa mamake mara tatu.

Kwa hivyo tumepatana hivi. Jumamosi baada ya alasiri tutakwenda godauni, mimi, yeye na mzee wa Changamwe. Mzee atakuja na tochi na kipande cha mkeka wa kulalia chini ya gari. Mimi nimenunua sumaku ndogo, nimeifunga kwa kitambaa cha kanzu kuukuu isije ikachubua rangi. Tutaipitisha kwenye vizingiti, chini ya milango na pembeni mwa magurudumu, na popote itakapokataa kushika tutatia alama kwa chaki. Alama zikizidi tano, nimemwahidi mpwangu, nitanyamaza. Dadangu ameomba kuja naye, ahesabu mwenyewe.