AFYA YA NYUMBANI: Tegu wa Ng'ombe na Tegu wa Nguruwe

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini tegu hukaa ndani zaidi ya nguo. Mnyoo huyu, mfano wa utepe mrefu mweupe, hana kinywa wala tumbo. Hana haja navyo, kwani makao yake ni utumbo wa binadamu, ambamo chakula hufika kimekwisha kusagwa, naye hukifyonza kwa ngozi yake.

Kila tegu huhitaji miili miwili ili atimize maisha yake. Mayai hutoka na choo cha binadamu. Mnyama huyala, na ndani ya nyama yake hutokea vifuko vyeupe vya maji, vyenye ukubwa upatao punje ya mahindi. Mtu alaye nyama hiyo mbichi au isiyoiva hupata tegu. Mwaka 1855 daktari Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, alithibitisha jambo hili kwa kumlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo vifuko vya nyama ya nguruwe. Baada ya mfungwa kuuawa, tegu wachanga walionekana utumboni mwake.

Tegu hawa wawili wana desturi mbalimbali. Yule wa ng'ombe hujishikiza kwa vinyonyeo vinne, na aweza kupita urefu wa mita 5. Pingili zake hukatika moja moja, zikatambaa zenyewe na kutawanyika majanini, ambako ng'ombe hulisha. Yule wa nguruwe ana vinyonyeo vinne pamoja na duara la ndoano kichwani. Pingili zake hazina nguvu za kutambaa. Hutoka pamoja na choo. Nguruwe anayezurura hula choo hicho, basi mnyoo hana haja ya kusafiri.

Hatari kubwa imo katika tofauti nyingine. Yai la tegu wa ng'ombe halikui mwilini mwa binadamu. Yai la tegu wa nguruwe hukua ndani ya binadamu kama likuavyo ndani ya nguruwe, na vifuko vyaweza kukaa katika misuli, macho, hata ubongo. Kifuko cha ubongoni huleta maumivu makali ya kichwa na kifafa. Mayai hayo hayatoki katika nyama. Hutoka katika mikono ya mwenye tegu asiyenawa atokapo chooni, kisha akaandaa chakula. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajaonja nyama ya nguruwe maishani mwake aweza kupatwa. Mtoto aangukaye kifafa asidhaniwe amerogwa, wala asitengwe, apelekwe hospitali.

Wakaao kambini hutumia vyoo na majiko karibu karibu, hivyo uzembe wa mmoja huwafikia wengi. Nyama na ichemshwe au ichomwe hata ndani isibaki nyekundu. Nguruwe wafungwe bandani, na kila mtu atumie choo. Mikono inawiwe kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kula. Mwenye kuona pingili nyeupe katika choo chake amwone daktari, asijinunulie dawa dukani. Kwa mwenye vifuko ubongoni, dawa ya tegu itolewayo bila uangalizi yaweza kuamsha kifafa.

Kinga ya tegu huanzia chooni na kumalizikia jikoni.